Kura ya Kuokoa Historia

Jumatatu, 11 Septemba
Kidato cha Pili wanachagua masomo. Historia imepata wanne, na mmoja wao alikosea safu. Mwalimu mkuu, Madam Navalayo, aliniita akasema kwa upole kwamba darasa lisipojaa kufikia Ijumaa, somo litafungwa hapa shuleni. Nitapewa Kilimo. Mimi, Andati, ambaye hata mahindi yangu hulimwa na mke wangu.

Wote wanakimbilia kwa Maximilla wa Jiografia. Amewaahidi kuwapeleka Msitu wa Kakamega kuona mbega. Mimi nina ramani ya Afrika iliyoliwa na panya upande wa Kongo.

Sikubali.

Jumanne, 12 Septemba
Nimepata njia. Wiki hii ninafundisha uchaguzi. Basi tupige kura kweli: Historia dhidi ya Jiografia, mshindi achukue darasa. Maximilla alicheka, akakubali. Aliuliza nani atasimamia kura. Nikamwambia mtu mwenye ujuzi. Yaani mimi.

Baadaye niliwasomea maelezo juu ya makosa ya uchaguzi, wakaandika: vitisho, hongo, kulisha wapiga kura. Jerotich, msichana kutoka Lugari, aliuliza kama chai nayo ni hongo. Nikamjibu kwamba hata maji ni hongo yakiwa na nia. Jibu zuri sana.

Jumatano, 13 Septemba
Kampeni. Maximilla alileta tufe la dunia lenye taa ndani. Makofi. Nami nikahutubia kuhusu ufalme wa Wanga. Wavulana wawili wakalala.

Hali mbaya. Mapumzikoni nilikwenda kantini nikachukua ndoo nzima ya mandazi. Si hongo, ni ukarimu uliotangulia kura. Nilimkumbusha tu kila aliyechukua kwamba Historia iko juu kwenye karatasi.

Alhamisi, 14 Septemba
Nimeshinda. Nilihesabu mwenyewe, nikatangaza mwenyewe, nikajipongeza. Maximilla alinipa mkono bila kuniangalia.

Kabla sijatoka darasani, Jerotich alisimama akasema anapinga matokeo. Nikamwambia pole, hatuna mahakama. Akasema tunayo: Madam amekubali kuwa jaji, kesho asubuhi.

Ijumaa, 15 Septemba
Darasa lilijaa. Wa Kidato cha Kwanza walichungulia madirishani. Madam akauliza kama mlalamikaji ana shahidi.

“Ni mimi mwenyewe, Madam,” Jerotich akasema. “Nilikula mandazi mawili ya mwalimu, halafu nikapigia Jiografia.”

Nilijitetea kwamba mandazi yalikuwa yamepoa. Jerotich akasoma maelezo yangu ya Jumanne neno kwa neno, pamoja na yale maji yenye nia. Hakuacha hata nukta. Niliona fahari, mpaka nikakumbuka mshtakiwa ni nani.

Kura imefutwa. Kila mwanafunzi arudi kuchagua kwa hiari yake, na majina yafike kwa Madam kabla ya kengele ya jioni. Nilikwenda kukaa nyuma ya maabara peke yangu. Napenda somo hili. Nilipokuwa mvulana Butere, mwalimu mmoja alitusimulia jinsi reli ilivyofika kwetu, nikashindwa kula chakula cha mchana kwa kuwaza. Na sasa nimelizika kwa mkono wangu.

Jumamosi, 16 Septemba
Madam amepiga simu. Historia imejaa, hata madawati hayatoshi. Kwa Maximilla wamebaki wapenzi wa mbega. Madam anasema ni kesi ya Jerotich iliyofanya hivyo, kwamba wanafunzi hawakujua kuna somo linaloweza kumkamata mtu mzima mbele ya watu. Jerotich mwenyewe ndiye aliyejiandikisha wa kwanza.

Namheshimu Madam, lakini siasa haijui. Ni mandazi. Yalichelewa tu kufanya kazi.

Kesho kanisani tunachagua mwenyekiti wa wazee. Mpinzani wangu anajua kuomba hadi watu wanalia. Nimemwambia mke wangu achinje jogoo wawili na aalike kwaya yote leo jioni.