Kumtafutia Mheshimiwa Mwenzake

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu mzito. Rubani niliyemtengenezea makochi amehamishwa kikazi, ameniachia paka wake. Tena si paka, ni nusu paka! Chotara. Baba yake mondo wa porini, mama yake paka wa sebuleni. Miguu mirefu kama ya mwanamitindo, masikio kama makasia. Rubani aliuliza kama nina uzoefu na wanyama. Nikamwambia nimesafiri miezi mitatu kwenye meli ya ng'ombe. Akaridhika. (Nilikuwa jikoni. Ng'ombe niliwaona wakiwa sahanini.) Nimempa jina la Mheshimiwa.

Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye tangu afiwe na mumewe, alimtazama mara moja tu, akambeba paka wake na kujifungia naye chumbani. Paka wake ni Bibi, miaka kumi na sita, jicho moja. Ndiye aliyelala kifuani pa shemeji mpaka pumzi ya mwisho. Dada huongea naye kuliko anavyoongea nami.

Jumatano, 5 Machi

Mheshimiwa hali chakula. Anazunguka karakana akilia kama bawaba isiyo na mafuta. Ametoboa sofa la mteja. Huo ni upweke, nikatangaza.

Seremala wa mlango wa pili, anayenichongea fremu, akadakia bila kuulizwa. Eti baba yake Mheshimiwa aliwinda peke yake, mwache naye peke yake, wewe Profesa (ndivyo anavyonidhihaki), atazoea. Seremala! Mtu ambaye hajafuga hata kuku! Nikamwambia abaki na misumari yake.

Nikaenda kwa daktari wa mifugo. Akasema wapo chotara wanaopenda wenzao na wapo wasiotaka hata kuwaona, inategemea paka mwenyewe. Nikitaka kujaribu, nitafute wa rika lake, mwenye nguvu. Niwatenganishe kwa mlango, nibadilishe matandiko yao wiki tatu wazoeane harufu, kisha waonane kidogo kidogo nikiwa nimesimama hapo hapo. Wiki tatu! Sisi tuliotembea dunia tuna wiki tatu za kuchezea?

Alhamisi, 6 Machi

Akili imenijia nikiwa kwenye cherehani. Nimechukua foronya ya mto wa Bibi na blanketi la Mheshimiwa, nikakata, nikashona mito miwili nusu kwa nusu. Sponji mpya, gundi ya makochi kila pembe. Harufu ya wiki tatu kwa saa moja! Daktari anasomea miaka mitano jambo ambalo fundi analimaliza kabla ya chai.

Dada akauliza mto wa Bibi uko wapi. Nikasema uko kwenye matengenezo. Akasema, mdogo wangu, nakuomba, paka wangu usimwingize kwenye mambo yako, nimebakiwa na huyu tu. Alisema taratibu, bila kuniangalia. Nikamwapia. Kidole juu kabisa.

Seremala alichungulia, akanusa, akauliza paka atanusa nini hapo zaidi ya gundi. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Dada alikwenda kliniki kupima presha. Nikambeba Bibi hadi karakana, nikamweka juu ya mto wake mbele ya Mheshimiwa. Wakatazamana. Bibi akaketi, akaanza kujilamba. Machozi yalinilenga! Nikatoka mbio kumwita seremala aje aone aibu yake.

Tuliporudi, Mheshimiwa alikuwa amejinyoosha juu ya mito yote miwili. Bibi alikuwa chini ya meza ya kukatia. Hakuna damu. Shingo tu.

Seremala hakusema si nilikwambia. Afadhali angesema. Alirudi kwake, nikasikia anapiga randa. Kisanduku.

Dada alirudi saa sita. Hakulia. Alimfunga Bibi kwenye shati la shemeji, lile ambalo kwa miaka miwili hakuna aliyeruhusiwa kulifua. Nikashika sepetu. Akaninyang'anya.

Jumatatu, 10 Machi

Dada amehamia kwa shangazi. Begi moja. Nikasema nikubebee. Akasema kaa. Hivyo tu, kama unavyomwambia mbwa.

Mheshimiwa anakula sasa, amenenepa hata mashavu. Seremala anasema mwenyewe umeona, alitaka nafasi yake. Chai nimepika ya watu wawili, nusu nimeimwaga.

Jumatano, 12 Machi

Nimelia vya kutosha, sasa nimefikiri kisayansi. Kosa lilikuwa umri! Bibi alikuwa mzee mno kwa kijana kama yule. Basi nimempatia dada mtoto wa paka, mweupe kote, anaenea kwenye kofia. Nikamwandikia ujumbe: dada, rudi nyumbani, kuna mtu anakusubiri. Amejibu! Mara ya kwanza tangu aondoke. Atakuja kesho asubuhi, kumwona tu.

Seremala ameomba akae na kitoto mpaka kesho. Ameomba mara tatu, mpaka ameshika mkono wangu. Nimkabidhi seremala? Nimemwacha kitoto na Mheshimiwa karakanani, wazoeane kabla dada hajafika. Mlango nimeufunga kwa nje wasisumbuliwe. Natoka kununua maziwa.