Platre Imeshika

Jumanne, 5 Novemba 2024

Nyumba kimya. Sabine, mke wangu, alivuka mpaka wa nchi kwenda Bujumbura kumsaidia binti yetu Amandine, aliyekuwa amejifungua. Mtoto sasa anatembea. Sabine bado yuko huko.

Kwa jirani Nzeyimana, wageni tena jana. Vicheko, harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nimechunguza kwa nini watu wanajaa kwake na si kwangu. Jibu nimelipata. Kuta za sebule yake ni nyeupe, laini kama ganda la yai. Zangu ni udongo. Nani atakunywa chai akitazama udongo?

Nimekwenda Kavimvira kwa Florentine, muuza vifaa vya ujenzi. Nimerudi na mfuko wa platre, ule unga mweupe wa jasi. Kanionya nichanganye kidogo kidogo na nioshe ndoo kila mara. "Papa, platre si simenti. Haingojee muntu."

Nimemshukuru. Wauzaji wana maneno mengi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimechanganya ndoo nzima. Kidogo kidogo ni kwa watu wasio na haraka. Nikapaka kipande cha ukubwa wa sahani. Kizuri sana. Nikasogeza viti kuona wageni watakaa wapi. Cha Nzeyimana nimekiweka karibu na mlango, asijione.

Niliporudi kwenye ndoo, platre imeshika. Mwiko umesimama katikati kama msalaba kaburini. Nimeuvuta, ndoo nzima ikainuka nao. Nimevuta tena, mpini umekatika.

Kosa la Florentine. Ameniuzia unga mzee.

Ijumaa, 8 Novemba

Akili mpya: maji ya moto. Sukari huyeyuka upesi kwenye chai ya moto, platre nayo italainika. Ndoo nimeigongagonga tu, bonge kubwa likatoka; sikuiosha. Mabonge ya jana yamebaki chini, si kitu.

Mwiko sina, nikakoroga kwa mkono. Nyororo kama uji. Kisha likaja joto jingine, si la maji, lilitoka ndani ya platre yenyewe na kunizunguka vidole. Nilijua natakiwa kutoa mkono. Sikutoa. Ilikuwa kama mtu amenishika. Nikafumba macho kidogo.

Nilipofumbua, nilikuwa nimeshikwa kweli.

Joto likazidi, likaanza kuuma. Nimevuka ua mpaka kwa Nzeyimana, ndoo mkononi. Wageni wote wakaweka sahani chini, wakaitazama ndoo. Heri wangecheka.

Mkewe, Libérate, akauliza, "Baba Amandine, mukono uliuacha mule kwa nini?"

Nikasema nilikuwa napima ubora.

Nzeyimana akaikata ndoo ya plastiki kwa kisu, akagonga platre taratibu kwa nyundo, huku amenishika kiwiko nisiumie. Libérate akanipaka mafuta. Mkono wa kulia haukufaa kitu, basi akanimegea ugali na ndagala kama mtoto. Kisha wakacheka, nami nikacheka. Nimekaa mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.

Nimezitazama kuta zake kwa karibu. Zina nyufa na masizi ya jiko. Hakuna mtu aliyekuwa akizitazama.

Jumapili, 10 Novemba

Mkono unapona. Nimewaza sana juu ya Ijumaa, na kosa langu nimelielewa: nilianzia ndani. Wageni huona nje kwanza.

Jana nimenunua mfuko mwingine, kwa muuzaji asiye na maneno. Tangu asubuhi napaka ukuta wa mbele kwa mkono wa kushoto. Wingu zito limesimama juu ya milima, lakini naona kama linaelekea kwingine.

Saa ya chakula Nzeyimana amekuja mwenyewe. Ameutazama ukuta, akasema kwa upole kwamba platre ya nje huliwa na mvua. Halafu akasema Libérate amepika, sahani yangu iko mezani, twende.

Nimemwomba aniwie radhi. Leo siwezi kutoka. Nangojea wageni.