Maombi ya Kupigwa Marufuku Kabla ya Jumamosi

Myriane Duguay,
Nyumba ya mwisho kabla ya daraja,
Ruisseau-Duguay, New Brunswick.
Alhamisi, 19 Juni.

Kwa Afisa wa Leseni za Uwindaji wa wilaya yetu.

Ndugu Afisa,

YAH: KUOMBA NIPIGWE MARUFUKU KUWINDA DUBU, IKIWEZEKANA KABLA YA JUMAMOSI

Natumaini u mzima na kwamba usubi wa mwaka huu hawajakumaliza. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nimemaliza shule mwezi huu, na ninayo leseni ya kuwinda dubu mweusi kwa chambo msimu huu wa masika, iliyotolewa na ofisi yako. Lalamiko langu ni kwamba mlinipa.

Naandika kwa sababu kwa maandishi ndiko ninakoweza kusema. Tafadhali usinipigie simu. Si kiburi. Nitaitazama simu ikiita mpaka inyamaze, kisha nitajisikia vibaya siku nzima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinifaulisha. Katika mafunzo ya bunduki tulikuwa kumi na wawili, na mwalimu alipouliza maswali nilijibu kwa kutikisa kichwa. Mtihani wa kuandika nilipata tisini na saba kwa mia, kwa kuwa mtu asiye na wa kuzungumza naye ana muda mwingi wa kusoma. Shabaha pia nilipiga vizuri, maana karatasi haikutazami usoni. Mwalimu akaandika kwenye fomu yangu: "Mtulivu. Anafaa." Ndugu Afisa, ule haukuwa utulivu. Nilikuwa naogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

2. Nilipewa kazi ya kelele. Babu yangu, Mzee Évariste, ana pipa la chambo nyuma ya kinamasi. Mwaka huu goti lake limegoma, kwa hiyo tangu Aprili, theluji ikiwa bado chini ya miti, kila siku saa kumi jioni mimi ndiye ninayepeleka ndoo: donati zilizochacha, shayiri iliyomwagiwa molasi, na mafuta yaliyochoka kukaanga viazi. Utaratibu unaujua kuliko mimi. Unagonga pipa kwa ndoo, unamwaga, halafu unaondoka kwa kelele za makusudi ili dubu aliye vichakani ajue mwenye chakula amekwenda zake. Siku ya kuwinda wanaingia watu wawili. Mmoja anapanda jukwaa la mtini na kunyamaza, mwingine anaondoka akiongea kama kawaida. Dubu hahesabu watu. Akisikia sauti inapotelea mbali, anatoka.

Babu aliniambia, "Kelele, mjukuu wangu. Imba, tukana, vyovyote vile. Dubu hampendi mtu anayenyata."

Mjomba Réjean alicheka mpaka akashika meza. "Baba, umekosa mtu wa kelele ukamchagua Myriane? Huyu akitaka kupiga chafya anatoka nje!"

Ni kweli, huwa natoka nje.

3. Nilitii, na hapo ndipo nilipoharibu. Sikuwa na la kusema. Wiki ya kwanza nilisoma kwa sauti maandishi yaliyo ubavuni mwa ndoo. Wiki ya pili nilitaja mito ya jimbo letu. Wiki ya tatu nikajikuta naeleza kwa nini sikuonekana kwenye dansi ya wanafunzi. (Nilikwenda. Nilikaa kwenye gari la Mama saa mbili nzima nikiwa na gauni, kisha nikarudi nikasema ilikuwa nzuri.) Tangu siku hiyo sikunyamaza. Nimesema habari za Baba aliyehamia magharibi. Nimesema kwamba sitaki kazi kwenye kiwanda cha kusindika kaa wa baharini na kwamba sijui ninachotaka. Nimerudia magomvi yote niliyoshindwa shuleni, safari hii nikiyashinda. Nilianza kuondoka polepole zaidi. Kufikia mwisho wa Mei nilikuwa nakwenda na mkate wangu wa siagi na kitu cha kukalia.

Na kumbe alikuwapo. Ni dume, mweusi tii, ana doa jeupe kifuani kama aliyemwagikiwa maziwa. Kamera ambayo Mjomba ameifunga mtini inamwonyesha amekaa kitako nyuma ya msonobari ulioanguka, hatua kama thelathini kutoka nilipo. Picha sitini na moja, zote amekaa. Haendi kwenye pipa mpaka nimalize. Ndugu Afisa, sijawahi kufika mwisho wa maelezo yangu mbele ya mtu bila kukatizwa, na huyu, alipoanza kunisikiliza, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye usingizi wake wa majira ya baridi, hajala tangu Novemba.

4. Kibao. Kanuni zinataka penye chambo pawe na kibao chenye jina la mhusika. Babu alinichongea cha mbao akakipigilia kwenye mti juu ya pipa. Kwenye kitabu cha picha cha shule, chini ya safu niliyokaa, wameandika kwamba siku hiyo sikuhudhuria. Kwa hiyo mahali pekee duniani panapotambua rasmi kwamba nipo ni pale, na anayefika pale kila siku ni yeye. Kwa mtazamo wangu, hata kisheria, ni mgeni wangu.

5. Familia imeamua. Kwetu anayemaliza shule hupata dubu wake wa kwanza msimu huohuo. Mama alipata wake, Mjomba naye ngozi ya dubu wake iko ukutani juu ya televisheni. Jumanne nilipanda jukwaani na bunduki, Mama akaondoka akiongea. Mama ana sauti ya kutosha. Alitembea akiwasema majirani mmoja mmoja kwa mpangilio wa nyumba zao. Dubu alisimama, akasikiliza mpaka nyumba ya tatu, akaenda zake. Jumatano Mjomba alijaribu kwa kuimba. Sitaeleza. Hata ndege hawakurudi.

Jana mezani Babu aliweka kijiko chini. "Mnyama huyu anataka sauti ya Myriane."

"Na Myriane ndiye mwenye bunduki," Mama akasema. "Atakuwa wawili?"

"Aseme maneno yake, aondoke, azunguke kwa nyuma kimyakimya, apande. Kunyamaza si ndiyo fani yake?"

"Hapo Baba umepatia," akasema Mjomba. "Akinyamaza huyu, hata mimi mjomba wake namsahau."

Wote walicheka, nami nikacheka. Babu akaniuliza, "Jumamosi, mjukuu wangu?" Nilifungua mdomo kusema sitaki. Ikatoka "sawa".

Hiyo ni "sawa" yangu ya kumi na nne mwaka huu. Moja kati ya hizo imeniingiza kwenye kwaya ya kanisa, ambako hufungua na kufunga mdomo tu.

Nisieleweke vibaya. Sioni uwindaji kuwa jambo baya. Nimekula pai ya nyama ya dubu tangu sina meno, na hakuna mafuta yanayolainisha buti kama ya dubu. Ninachoshindwa ni kumwita kwa siri zangu mwenyewe, halafu nimpige. Na kumwambia Babu siwezi. Ametoa kabatini bunduki ya marehemu Bibi, ambayo hakuna aliyeigusa tangu msiba, na kwa siku mbili amekaa anaisafisha kwa kitambaa huku goti limewekwa juu ya stuli. Kila nikipita ananionyesha sehemu inayong'aa.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba yafuatayo:

(a) Nifutiwe leseni. Sababu iwe yoyote: macho, kimo, au utiifu uliopita kiasi.

(b) Kama sheria haina kifungu kinachowahusu watu wasioweza kusema hapana, kitungwe. Niko tayari kuwa mfano wa kwanza, mradi nisiitwe mbele ya kamati.

(c) Uamuzi uletwe na mtu mwenye sare, kesho Ijumaa, kabla ya chakula cha jioni, wote wakiwapo. Asiniulize swali lolote. Ikiwezekana anifokee kidogo, ili Babu awakasirikie ninyi badala yangu. Najua barua huchukua siku tatu kufika kwenu. Naomba mjitahidi.

(d) Ikishindikana, sauti yangu iingizwe kwenye orodha ya vyambo vilivyokatazwa.

(e) Ikishindikana hata hiyo, dubu apewe ilani ya maandishi yenye muhuri. Nitaipeleka mwenyewe na kumsomea.

Wasalimie wafanyakazi wenzako wote, pamoja na yule mama wa mapokezi aliyeniuliza mara tatu "unasemaje, mpenzi?" kisha akanijazia fomu kwa kusoma midomo yangu. Wasalimie na nyumbani kwako pia. Kwetu wote wazima isipokuwa goti.

Nabaki wako, kwa heshima nyingi na haya nyingi zaidi,

Myriane Duguay

Nyongeza, Jumapili jioni:

Ijumaa nilimpa Mama barua hii aipitishe posta, akaisahau kwenye gari, nami niliona haya kumkumbusha. Sasa sijui kama bado inahitajika, lakini ni kurasa nne na mwandiko ni mzuri, kwa hiyo naituma.

Jumamosi nilikwenda. Niliongea dakika ishirini, jambo moja tu. Nilimweleza dubu kitakachofanyika, kwa hatua, na ni nani atakayefanya, na kwamba goti la Babu ni bovu na bunduki ni ya Bibi. Nilimwambia waziwazi asije. Nikaondoka, nikazunguka, nikapanda. Alitoka kabla sijakaa vizuri.

Nilisubiri ageuke ubavu kama tulivyofundishwa. Risasi moja. Alikwenda hatua nane, akaanguka. Nililia nusu saa ile tunayotakiwa kungoja kabla ya kushuka, na ilipokwisha nikaona njaa.

Babu alikuja akichechemea, akamtazama, akavua kofia, akauliza, "Ilikuwaje?" Nikamweleza. Njiani nikamweleza tena. Jioni majirani walikuja na vyungu vyao nikawaeleza toka mwanzo, na nilipopanda kwenye kiti kuonyesha dubu alivyosimama, Mama akasema, "Myriane, mwanangu, vuta pumzi basi, watu wapate kula." Nikamwambia asinikatize. Mjomba Réjean ndiye aliyesema kwamba tangu saa kumi na mbili hajapata nafasi ya kutia neno.

Nyama yake nimekula mara mbili. Mara ya pili niliomba mwenyewe.

Kwa hiyo maombi (a) mpaka (e) yaachwe. Nina swali moja tu: je, msimu huu mtu anaruhusiwa leseni ya pili? Usihangaike kuandika jibu. Nitakuja Ijumaa asubuhi kuuliza mwenyewe kwa mdomo, na kwa kuwa kuna mambo utahitaji kuyasikia kwa mpangilio, tafadhali usimpangie mtu mwingine kabla ya saa sita.