Injini ya Boti Haisagi Unga

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza! Boti ya marehemu baba imekaa uani miaka tisa. Ni boti ya jeti: haina panga la kuzunguka majini, hufyonza maji kwa chini na kuyatema kwa nyuma. Baba alinipakia nikiwa na miaka sita. Sijawahi kufurahi vile tena.

Shemeji, kaka wa mke wangu, amekuja kuikagua injini bila kualikwa. Anaitaka iendeshe kinu chake cha unga. Mke wangu amekata shauri: Jumamosi boti ikienda hadi boyani, kule katikati ya ziwa, na kurudi, injini ni yangu. Isiporudi, ya kaka yake. Nimekubali papo hapo. Siku zote hizo!

Nimemwaga maji ya mvua kwa kung'oa kizibo cha sakafuni mwa boti. Kizibo safi, cha mpira. Kimeenea barabara kwenye debe langu la mafuta ya taa, ambalo halikuwa na kifuniko. Mimi sipotezi kitu.

Jumanne, 5 Machi
Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Gasketi ya kichwa cha injini, ile inayozuia maji, imekufa. Shemeji alisema hivyo jana, lakini alibahatisha.

Nimefungua kila kitu na kukiandika namba kwa chaki ya mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Utaratibu wa hali ya juu. Kisha nimeviosha vipande vyote kwa mafuta ya taa. Namba zimefutika.

Jumatano, 6 Machi
Vipande sitini na kimoja mezani. Nimevipanga kwa ukubwa. Mke wangu ameuliza nitajuaje kipi kinakwenda wapi. Nimemjibu kwamba injini ina akili yake. Akasema afadhali mmoja wetu anayo.

Gasketi nimejikatia mwenyewe kwa kadibodi ngumu niliyoikuta karibu na cherehani.

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe kadibodi ilikuwa kiolezo cha suruali ya mwalimu mkuu. Mke wangu hasemi nami.

Injini iliwaka sekunde tatu, ikatema moshi, maji na kipande cha mguu wa kushoto. Shemeji alikuwepo. Alikuwa akiipima kwa kamba.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu ameniwekea gasketi halisi mezani, bila neno. Ameitoa duka la vipuri hapo ng'ambo ya barabara. Sikujua kama wanauza.

Nilianza kukaza bolti kutoka pembeni. Akashindwa kunyamaza. Kitambaa hubanwa kuanzia katikati kwenda nje, akasema, la sivyo kinajikunja, na hicho chuma hakina tofauti. Nikafungua, nikaanza upya. Nilikuwa karibu kuligundua hilo.

Saa kumi jioni imewaka! Mngurumo uleule wa zamani. Nimelia kidogo. Nimesema ni moshi. Mke wangu akasema hakuna moshi, akaniachia kanga yake nijifute.

Jumamosi, 9 Machi
Ziwani, majirani wote wapo. Shemeji kaja na mkokoteni. Dharau iliyoje!

Boti imeruka. Nimefika boyani nikipunga mkono, mke wangu akipiga makofi, shemeji akitazama chini. Hapo nikahisi viatu vimelowa. Nikazima injini ili nichunguze kwa utulivu.

Nimerudi kwa kuogelea. Mke wangu alikuwa bado anapiga makofi, lakini polepole. Boti imevutwa kwa kamba kutoka chini ya maji. Mkokoteni haukwenda bure.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji ameikausha injini, inasaga. Anamwambia kila mteja kwamba aliyeiunda upya anaijua kazi. Nimesimama mlangoni mwa kinu nikiisikiliza. Sauti ya baba kabisa. Imeniuma sana. Unga nao ni laini, na hilo limeniuma zaidi.

Nimechunguza chanzo cha ajali. Ni ziwa. Lina mawimbi ya chinichini.

Mke wangu ameitia boti kizibo kipya na kunitazama kwa muda mrefu. Sijui alitaka nini. Mimi nimeshaleta injini kuukuu ya lori. Ni kubwa, itahitaji debe la pili la mafuta ya taa. Debe lipo, halina kifuniko.

Nimeangalia huku na huku. Kizibo kipya kimeenea barabara.