Blanketi la Mabingobingo

Jumatatu, 1 Julai

Baridi kali. Umande umeganda juu ya mabingobingo yangu, nayo yamegoma kukua. Shindano la maziwa ni Jumamosi ya wiki ijayo! Fumaça, ng'ombe wangu, asipokula majani mabichi atatoa maji ya kunawia.

Jana, nje ya kanisa, shemeji yangu Valdecir alitangaza mbele ya watu kuwa ng'ombe wake atamshinda wangu hata akikamuliwa chuchu mbili tu. Damu ikachemka. Nikaapa: atakayeshindwa ndiye bibi harusi jioni ya shindano, kwenye harusi ya mzaha tunayoigiza kila mwaka katika sherehe ya kijiji. Gauni, shela, rangi ya mdomo, na masharubu yanyolewe. Padri akasema atashuhudia.

Masharubu yangu yana miaka thelathini na moja. Yeye juu ya mdomo hana hata unywele mmoja. Sikufikiria hilo mapema.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata! Mwezi wa Januari, kukiwa na joto, majani hukua ukiyatazama. Basi nitayaletea Januari. Nimevua karatasi ya plastiki kwenye kitalu cha nyanya cha Ivonete, mke wangu, nikalifunika shamba. Ivonete amesema nyanya zikifa nitalala na Fumaça.

Ijumaa, 5 Julai

Kipimajoto cha banda la kuku nimekiweka chini ya plastiki, kinasoma thelathini na nne. Majani yamerefuka kwa vidole viwili! Valdecir alipita akauliza kama siku hizi mabingobingo nayavalisha pajama. Nikamwambia acheke vizuri, meno bado anayo.

Kama mchana peke yake umefanya hivi, usiku je? Nimeingiza pipa la makaa chini ya plastiki. Joto saa ishirini na nne. Mimi ni mtu hatari.

Jumanne, 9 Julai

Marefu, ndiyo. Lakini membamba, yamepauka, yamelegea. Saa saba mchana kipimajoto kilisoma arobaini na saba na ncha zikaanza kukauka. Fumaça alinusa, akanipa mgongo.

Ivonete akamwita Lucimara, bibi shamba wetu. Alifunua plastiki, kisha akaniita mjomba kwa sauti ya kuzungumza na mgonjwa. Akaeleza kuwa mchana jani linapika chakula chake kwa jua, na joto linalisaidia, ila likizidi arobaini jiko linazimika. Usiku halipiki kitu, linapumua tu, na kupumua ni kula akiba. Kadiri kunavyokuwa na joto ndivyo linavyokula zaidi.

“Kwa hiyo makaa yangu...”

“Mjomba, umeyawekea karamu kila usiku.”

Akaniagiza nizime pipa na nifunue plastiki mchana. Nikaitikia. Ila nimekumbuka mama yake ni rafiki wa Valdecir. Nimeongeza pipa la pili.

Jumapili, 14 Julai

Shindano la jana: ng'ombe wa Valdecir, lita thelathini na moja. Fumaça, kumi na tisa.

Ivonete alininyoa mwenyewe, akicheka hadi wembe ukatikisika. Nilikaribia kulia. Halafu akaushika mdomo wangu wa juu, akasema hajauona tangu tukiwa wachumba, akaubusu hapohapo mbele ya kaka yake.

Basi nikavaa shela kwa moyo mmoja. Valdecir akawa bwana harusi. Nikatoroka madhabahuni mara tatu, nikarudishwa na polisi wa bandia, nikamkanyaga bwana harusi miguu yote miwili kwa makusudi. Uwanja mzima ulipiga kelele. Nimekula pamonha sita, zile za mahindi mabichi zinazochemshwa ndani ya maganda yake. Sijafurahi hivi miaka mingi.

Jumatatu, 15 Julai

Leo nimemwelewa Lucimara. Joto la usiku huyafanya majani kula akiba yake. Ni kweli kabisa, msichana ana akili. Basi yakipata baridi ya kutosha hayatakula hata punje, yataamka asubuhi yamenona!

Nimeagiza magunia arobaini ya barafu kwa muuza aiskrimu. Valdecir nimeshamwambia: mwaka ujao, tena, na safari hii zinyolewe nyusi.