Wajitoleaji wa Lazima katika Ngitili ya Milembe

Natangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba Machi 1995 Idara ya Uhamasishaji wa Hiari ilizindua Mpango Kabambe wa Kujitolea kwa Lazima Kurejesha Uoto wa Asili. Pamba ilikwishaachiwa soko huria, kwa hiyo tulibaki na nguvu nyingi na pa kuzielekeza pachache. Mratibu nilikuwa mimi, Constantine. Nilitoka Bariadi na miche mia mbili ya migunga, kofia arobaini na mgeni rasmi, Bwana Salvatory. Kilichokosekana ni eneo tu.

Tulilipata Nkoma. Ilikuwa ngitili ya mjane aitwaye Milembe, malisho aliyoyafunga kila masika kwa miaka minne ili nyasi na miti vijiotee, ng'ombe wake sita wapate chakula kiangazi. Migunga ilikuwa imesimama, nyasi zinafika kiunoni. Kitaalamu, eneo halikuwa na nafasi ya kurejeshewa uoto.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu. "Tumekuja kufyeka hapa, tupande migunga."

"Si hiyo hapo migunga?"

"Hiyo imejiotea. Haimo kwenye mpango."

"Na kiangazi ng'ombe wangu wale nini? Kofia?"

Nilimhakikishia kwamba kamati italifanyia kazi swali lake, nikaingia na panga, nikakata mgunga wa kwanza. Mgeni rasmi alipiga makofi peke yake. Wanakijiji sitini tuliowaamuru wajitolee hawakuvuka mpaka. Niliandika: "Wananchi wanasubiri kwa hamasa."

Mzee Ndaki, msemaji wa dagashida, yaani baraza lao la kijiji, aliwakalisha watu palepale. Hakuna aliyeuliza cheo changu, jambo lililonisikitisha sana kiitifaki. Hukumu ilitoka haraka: anayeingia na panga ngitili iliyofungwa, ataichunga mpaka ifunguliwe. Akikataa, hasalimiwi, hapewi maji, hasaidiwi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tukapanda gari. Udongo mweusi wa mbugani, ulioshiba mvua, ukalimeza mpaka milangoni.

Watu sitini wenye misuli walitutazama. Niliwasalimu kwa Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza. Kimya.

Bwana Salvatory alitazama viatu vyake, kisha akanitazama mimi.

"Constantine," alisema kwa upole, "taifa linakuhitaji hapa."

Nilipokubali tu, gari lilinyanyuliwa kama kitanda. Mgeni rasmi alinipungia mkono hadi alipopotea.

Nilifukuza ndama wa watu miezi mitatu. Milembe aliniletea michembe ya viazi vitamu na maziwa, na kusema kweli, sijawahi kufurahia kazi ya serikali kiasi kile.

Juni, ngitili ikiwa bado imefungwa, Bwana Salvatory alirudi kuzindua bango la mafanikio ya Mpango. Bango lilihitaji nafasi. Alivua koti, akachukua panga, akauliza kama kuna kipingamizi chochote.

"Hakuna, mheshimiwa," nilimjibu. "Karibu ndani."

Nilingoja akate shina moja, ndipo nikapiga yowe kuwaita wanakijiji.

Sasa tunachunga wawili. Yeye nimempa zamu ya mchana, jua linapokuwa kali.