Malalamiko Juu ya Muuguzi Anayeuliza Watu Mmoja Mmoja

Kijiji cha Nakorotari,
Vanua Levu, Fiji.

Kwa Daktari Radrodro, Mkuu wa Utafiti wa Chanjo ya Korona.

Mheshimiwa Daktari,

Bula. Natumaini barua hii itakukuta mzima na barakoa yako usoni. Huku kwetu korona bado haijafika. Waliofika ni watu wako, na hao ndio sababu ya kukuandikia.

Mimi ni msemaji wa chifu wetu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mgeni akija na mzizi wake wa yaqona, kinywaji chetu cha heshima, mimi ndiye ninayeupokea, ninayepiga makofi na ninayejibu. Watu wako walileta mzizi mnene, mkavu, wa kupendeza; hapo sina lawama. Waliomba nafasi tu ya kuzungumza na watu kabla ya majaribio ya chanjo kuanza. Mimi kwa ukarimu wangu nikaona wameomba kidogo mno. Katika hotuba yangu nikawapa mikono ya kudungwa mia moja arobaini na mitatu, yote ya kushoto, ukiwemo wa Josateki aliyehamia Suva na wa mtoto ambaye Selina bado hajamzaa. Tukanywa yaqona, kila mtu na kikombe chake kama serikali inavyotaka, na jambo likaisha.

Daktari, halikuisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi wako Akanisi alikunywa yaqona yetu hadi tone la mwisho, akapiga makofi vizuri kama mtu aliyelelewa, kisha akasema, "Vinaka, asante, Mzee. Sasa naomba nimuulize kila mtu mwenyewe." Kila mtu! Mwenyewe! Nikamweleza kwa upole kwamba wenyewe wameshakubali, kupitia kwangu. Akatabasamu, akatoa fomu za kurasa tisa. Tena zimeandikwa kwa lugha yetu, kwa hiyo hata kisingizio cha kutozielewa hatuna.

2. Alianza na wanawake. Walikuwa wamekaa mbalimbali katika ukumbi wa kanisa wakisuka mikeka, nami nikaketi mlangoni ili niwasaidie kujibu. Sikuhitajika. Bibi Torika, ambaye sijawahi kumsikia akiuliza swali mbele ya wanaume, alisema, "Mjukuu wangu, unasema nusu yetu tutadungwa maji ya chumvi tu. Sasa nitajuaje kama nimepata dawa au nimepata supu?" Akanisi akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe hatajua. Bibi akacheka hadi akaangusha ukindu. "Haya, huyu hatudanganyi. Endelea, mwanangu." Mimi nimehutubia hapa miaka yote hiyo na hajanicheka hata mara moja kwa furaha.

3. Mke wangu Vasemaca aliuliza itakuwaje akibadili mawazo katikati. Akaambiwa mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na zahanati itaendelea kumhudumia. Maneno hayo yalipaswa kubaki ndani ya fomu. Jumatatu nilirudi kutoka shambani nikakuta sufuria baridi. "Baba Tevita, nimejitoa," akasema. Nikauliza kwa nini. "Bila kutoa sababu." Nilichemsha magimbi mwenyewe siku tatu. Ya siku ya kwanza hayakuiva.

4. Tabia hiyo sasa imeenea. Mchungaji alipotangaza kazi ya kuezeka paa la kanisa, vijana walitaka waelezwe hatari na faida. Kwaya imeomba siku mbili za kuufikiria wimbo. Na Jumapili chifu mwenyewe aliniita kando: "Sevuloni, siku ile mimi nilikubali nini hasa?" Nikamweleza. "Na uliniuliza lini?" Nikamjibu kwamba mzizi ulikuwa mnene sana. Kisha akaenda kupanga foleni nyuma ya Bibi Torika, akiusoma ukurasa wa nne kwa kidole.

5. Katika watu wazima tisini na mmoja, sitini na watatu wamekubali, mimi nikiwa wa kwanza. Ishirini na wanane wamekataa, na Akanisi amewashukuru hao pia! Makofi yangu yalikuwa yamekupa kijiji kizima kwa dakika kumi. Yeye ametumia wiki tatu kukupunguzia. Ugonjwa unaua watu mjini, na ninyi mmekaa mnazungumzia supu.

Kwa hiyo naomba Akanisi ahamishwe haraka, na kila kijiji kiwe na fomu moja, saini moja, mzizi mmoja. Saini niko tayari kuitoa mimi, hata kwa vijiji vya jirani.

Wasalimie wote wa ofisini, mkeo na watoto, na yule dereva aliyekwama kwenye tope letu. Mwambie kiatu chake kimepatikana.

Nabaki mtiifu wako, kwa niaba ya watu wote wa Nakorotari,

Sevuloni Naqica,
Msemaji wa Chifu.

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Siku niliyojaza fomu, Akanisi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, Mzee, unaumwa popote? Umewahi kuzimia?" Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote, kwamba sisi watu wa Nakorotari tuna afya njema. Daktari, tangu Januari nimeanguka mara mbili katika shamba la magimbi, na mara ya pili nilizinduka jua limeshapanda. Vasemaca hajui. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na alipotokea wa kuniuliza nilijibu kwa niaba ya wengine. Sindano yangu ni Jumatano, na ninaogopa. Tafadhali usimhamishe muuguzi yule kabla hajaja Jumanne kuniuliza tena, sisi wawili tu. Asilete yaqona.